Mashamba ya Akina Delamere na Fomu ya Shangazi

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kazi ya kufuatilia historia ya umiliki wa shamba moja tu, kuanzia kwa mwenye nalo leo na kurudi nyuma hadi pale nyaraka zinapokoma. Ili kuwaonyesha njia, nami nilijichagulia mashamba ya ukoo mmoja wa Kiingereza, akina Cholmondeley. Jina hilo hutamkwa “Chamli”, na sijui ni mwanafunzi gani angeweza kulikisia. Sisi wa Afrika Mashariki tunaufahamu zaidi ukoo huo kwa cheo chake: Delamere. Niliuchagua kwa sababu karatasi zake ni nyingi na zimetunzwa vizuri. Nikiwa katikati ya kazi hiyo, nilipigiwa simu kutoka nyumbani Kibakwe kuhusu karatasi ya namna nyingine, na tangu hapo nimeshindwa kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Tuanzie Uingereza. Katika jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, Mfalme Edward wa Kwanza aliasisi nyumba ya watawa iitwayo Vale Royal katika miaka ya 1270. Aliwapa watawa ardhi pamoja na watu waliokuwa wakiilima. Watu hao, wa vijiji vya Darnhall na Over, hawakukubali kwamba wao ni sehemu ya zawadi. Mwaka 1336 waliasi, wakidai kuwa ni watu huru, na wakampelekea mfalme malalamiko yao. Walishindwa, wakarudishwa chini ya watawa. Miaka 200 baadaye zamu iliwafikia watawa wenyewe: mwaka 1538 Mfalme Henry wa Nane alizivunja nyumba za watawa na kutwaa mali zao, na Vale Royal ikaangukia mikononi mwa mtumishi wake, Thomas Holcroft. Kwa njia ya kununua, mnamo 1616, ikafika kwa Bibi Mary Cholmondeley, na ukoo wake ukakaa hapo kwa karne tatu. Mwaka 1821 mkuu wa ukoo huo akapewa cheo cha Baroni Delamere.

Ninasimulia haya kwa kirefu kwa sababu wasomaji wengi hudhani kwamba kule Ulaya mashamba yalipatikana kwa baba kumwachia mwana, tangu Adamu. Ukirudi nyuma vya kutosha unamkuta mfalme akigawa kitu ambacho watu wengine walikuwa wamesimama juu yake.

Baroni wa tatu, Hugh Cholmondeley, alizaliwa mwaka 1870 na kurithi akiwa kijana wa miaka 17. Alipenda kuwinda kuliko kukaa Cheshire. Baada ya safari kadhaa za uwindaji katika nchi ya Wasomali, mwaka 1897 alifika katika nyanda za juu za nchi ambayo leo ni Kenya, na moyo wake haukutoka tena. Mwaka 1903 aliomba ardhi kwa Kamishna wa Himaya, Sir Charles Eliot. Maombi yake mawili ya kwanza, la Laikipia na la Naivasha, yalikataliwa. La tatu lilikubaliwa: ekari 100,000 huko Njoro, kwa upangaji wa miaka 99, kodi ya pauni 200 kwa mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 katika miaka mitano ya mwanzo. Shamba hilo aliliita Equator Ranch. Kodi hiyo, ukiigawa, ni kama nusu ya peni kwa ekari. Baadaye, mnamo 1906, alianza kujipatia Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, kati ya Gilgil na Nakuru.

Sasa tazama sheria iliyotumika. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902 ilimruhusu Kamishna kupangisha ardhi, lakini ilimkataza kupangisha ardhi inayokaliwa hasa na wenyeji. Uzito wote umelalia neno “inayokaliwa hasa”. Mfugaji wa Kimaasai hulisha ng’ombe mahali, huondoka majani yakiisha, hurudi mvua ikirudi. Afisa akipita katika msimu wa kuondoka ataona majani marefu, na ataandika kwamba nchi ni tupu.

Utupu wa Njoro ulikuwa na sababu yake. Ng’ombe na kondoo wa Delamere, wale aliowaleta kwa gharama kubwa kutoka ng’ambo, walikufa kwa wingi, kwa kuwa malisho ya pale yalipungukiwa na madini ambayo mnyama hawezi kuishi bila hayo. Wamaasai walilijua jambo hilo na hawakulisha pale kwa muda mrefu. Hakuna aliyewauliza. Delamere akageukia ngano, nayo ikaliwa na kutu, akawa miongoni mwa waliogharamia utafiti wa mbegu zinazohimili ugonjwa huo. Kampuni ya Unga aliyoianzisha mwaka 1908 ipo hadi leo. Simnyimi sifa yake ya uvumilivu. Ninasema tu kwamba somo la kwanza alilolinunua kwa mali yake lilikuwa tayari vichwani mwa watu waliohesabiwa kuwa hawapo.

Nilipoliona hilo nilikumbuka jirani yetu Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu wa Kiingereza ulizunguka Tanganyika kwa majuma machache tu, mara nyingi ukiitazama nchi kutoka kwenye ndege, ukarudi London na pendekezo la kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mgogo yeyote mzima angewaeleza kwa nini pori lile lilikuwa pori: mvua zake hazina ahadi, na udongo wake ukikauka huwa kama sakafu. Mpango ulikufa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Nimekua nikiona watu wa Mpwapwa wakiucheka mpango huo kama kichekesho cha Wazungu. Mimi huuona kuwa ni ndugu wa damu wa ile hati ya Njoro. Zote mbili zilianza na mtu aliyetazama nchi ya wengine akasema hapa hapana mtu.

Turudi Bonde la Ufa. Mtu anaweza kusema: tatizo la Wamaasai lilikuwa kutokuwa na maandishi. Haya ndiyo maelezo ninayoyasikia mara nyingi katika semina za ardhi, na mara nyingi yanatolewa na watu wenye nia njema. Lakini Wamaasai walikuwa na maandishi. Agosti 1904, baada ya Delamere kukubaliwa Njoro, Kamishna mpya, Sir Donald Stewart, alifunga mkataba na laibon Olonana na wazee wenzake. Wamaasai waliachia malisho ya Bonde la Ufa, wakapewa maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini mwa reli, kwa ahadi kwamba yatakuwa yao muda wote ambao Wamaasai watakuwapo duniani kama taifa. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 ulitengenezwa mkataba wa pili, nao wakatakiwa kuiacha Laikipia pia ili ipate nafasi kwa walowezi. Ole Gilisho, kiongozi wa Laikipia, alipinga, na watu wake wakahamishwa pamoja na mifugo yao.

Walikwenda mahakamani. Shauri la Ole Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu lilisikilizwa mwaka 1913, kwanza Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Majaji walisema kwamba Himaya haikuwa sehemu ya milki ya Uingereza, kwamba Wamaasai kwa hiyo ni wageni mbele ya Mfalme, na kwamba mikataba ile ilikuwa kama mikataba baina ya dola na dola, jambo ambalo mahakama za Himaya hazina uwezo wa kuliamua. Huwaomba wanafunzi wasome hoja hiyo mara mbili, polepole. Mmaasai alikuwa dola la kigeni pale alipotaka kushtaki, na alikuwa mtu asiyekuwapo pale ardhi yake ilipopangishwa.

Karatasi ya Delamere kwa upande mwingine ilizidi kunenepa. Sheria ya mwaka 1915 ilirefusha upangaji wa walowezi kutoka miaka 99 hadi miaka 999, na ikatamka kwamba hata ardhi wanayoikalia wenyeji ni ardhi ya Mfalme. Sheria ya usajili wa hatimiliki ya mwaka 1919 ikaongeza kufuli: jina likishaingia kwenye daftari la serikali, daftari lenyewe ndilo ushahidi, na huna haja ya kuonyesha jinsi mwenye jina alivyopata. Kwa mnunuzi, hiyo ni sheria nzuri, maana inampa usingizi. Kwa mwanahistoria ni ukuta. Mnyororo wa umiliki unaweza kuufuata kutoka pingili hadi pingili, lakini ukifika ya kwanza sheria inakwambia hapa ndipo dunia ilipoanzia.

Kutoka hapo hadi leo habari ni fupi. Delamere alikufa mwaka 1931 akiwa amezama katika madeni ya benki, akazikwa Soysambu. Njoro ilikwisha kumegwa na kuuzwa kwa vipande. Mlowezi mwingine wa huko, Lord Egerton, naye mtu wa Cheshire, alianzisha shule ya kilimo mwaka 1939, na leo hii wahadhiri wenzangu wa Chuo Kikuu cha Egerton wanafundisha hapo. Vale Royal yenyewe ilipangishwa tangu mwaka 1907 na kuuzwa mwaka 1947 kwa kampuni ya kemikali ya ICI. Siku hizi ni klabu ya gofu. Uhuru wa Kenya ulipofika, sanamu ya Delamere iliondolewa katikati ya Nairobi na barabara iliyobeba jina lake ikawa Kenyatta Avenue. Sanamu ilipelekwa Soysambu. Shamba halikuondolewa. Lilipita kwa mwana na kwa mjukuu, na tangu mwaka 2007 ni hifadhi binafsi ya wanyamapori yenye ekari zipatazo 48,000. Mwaka 2005 na tena 2006, Waafrika wawili, mmoja askari wa wanyamapori, waliuawa kwa risasi katika ardhi hiyo na mrithi wa ukoo. Kesi ya kwanza ilifutwa; katika ya pili alihukumiwa mwaka 2009 kifungo cha miezi minane kwa kuua bila kukusudia.

Kwa hiyo ukoo huu wa Kiingereza ulipoteza ardhi ya Uingereza, iliyokuwa na karatasi za karne saba, ukabaki na ya Afrika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezuia asiye raia kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99, na ile miaka 999 imekatwa. Lakini haikuuliza swali la pingili ya kwanza, na sidhani katiba yoyote ya bara hili imewahi kuliuliza kwa sauti.

Wasomaji wa Kitanzania hapa huwa wanajiegemeza kwenye kiti. Sisi hatuna Delamere, wanasema. Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika “Mali ya Taifa”, akapinga mpango wa kuruhusu umilikaji huru wa ardhi, na mwaka 1963 serikali yake iligeuza milki huru zote, nyingi zikiwa za tangu Wajerumani, kuwa upangaji kutoka serikalini. Ninakiheshimu kitendo hicho. Lakini sisi nasi tuna pingili yetu ya kwanza. Tarehe 26 Novemba 1895, tamko la mfalme wa Wajerumani lilisema kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni ya dola, na wa kuthibitisha kwamba ina mwenyewe alikuwa wewe, kwa hati. Waingereza wakaendeleza wazo hilo kwa sheria ya mwaka 1923, wakaiweka ardhi yote chini ya Gavana. Baada ya uhuru, Rais akakaa katika kiti cha Gavana. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwaka 1991 na 1992 ilipendekeza milki hiyo ya msingi iondolewe mikononi mwa serikali kuu, serikali ilikataa.

Tuna pia hukumu ambayo ningependa kila ofisa ardhi aifahamu kama anavyojua namba yake ya simu. Baada ya vijiji vya ujamaa (sisi wa Dodoma tuliipata Operesheni yetu mapema, mwaka 1970), watu wengi walidai ardhi zao za asili mahakamani. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta haki hizo za kimila na kusimamisha mashauri. Mzee mmoja wa mkoa wa Arusha, Lohay Akonaay, pamoja na mwanawe, waliipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiandika, ilisema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali kamili inayolindwa na Katiba, na haifutwi bila fidia. Miaka 81 baada ya Ole Njogo, mlango uliofungwa ulifunguliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikafuata, ikatamka kuwa hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali.

Hata hivyo, sheria pacha yake, Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya Kamishna wa Ardhi, inajumuisha ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Nani anaamua kwamba haitumiki? Shamba lililopumzishwa miaka mitatu linatumika? Mlima wa kuni na asali unatumika? Maneno hayo yamepita Berlin na Nairobi kabla ya kufika Dodoma.

Sasa ile simu. Baba mdogo alinipigia kunieleza kwamba kijijini kwetu mpango wa matumizi bora ya ardhi umekamilika, na uhakiki wa mashamba kwa ajili ya hati za hakimiliki za kimila unaanza. Wapimaji watapita, majirani wataonyesha mipaka, jina litaandikwa kwenye fomu, halmashauri ya kijiji itaidhinisha, na nakala itakaa masjala ya ardhi ya kijiji. Mimi nina udaktari, kwa hiyo nilitakiwa nisaidie “kuandika vizuri”.

Shamba letu liko vipande vitatu. Viwili viko juu, vya mtama na karanga. Cha tatu kipo bondeni, kidogo, chenye maji, na ndicho chenye thamani, kwa kuwa ndipo vitunguu vinapostawi. Hicho cha bondeni kimelimwa kwa zaidi ya miaka 30 na shangazi, dada wa marehemu baba, tangu aliporudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Alipewa na babu. Hakuna aliyeandika. Mpaka wake ni mkuyu upande wa mashariki na kaburi la babu upande wa juu.

Katika orodha aliyonisomea baba mdogo, vipande vyote vitatu vilikuwa kwa jina lake na la wanawe. Nilimuuliza habari za shangazi. Akanijibu kwa upole kabisa, maana si mtu mbaya: “Shangazi yako yupo tu, mwanangu. Nani atamfukuza? Lakini ardhi ni ya ukoo, na yeye aliolewa.”

Nimeyasoma maneno “yupo tu” kwa Kiingereza na kwa tafsiri ya Kijerumani, katika nyaraka za zaidi ya miaka 100. Wanakijiji wa Darnhall walikuwapo tu. Wamaasai wa Elmenteita walikuwapo tu. Nilimweleza baba mdogo kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na kwamba fomu ina nafasi ya zaidi ya jina moja. Nilimweleza pia kwamba yeye atakapofariki, na mwanawe mkubwa akataka kuuza bonde kwa mfanyabiashara wa vitunguu, hakuna atakayekumbuka mkuyu. Watafungua masjala, na jina watakalolikuta ndilo litakuwa mwanzo wa dunia.

Alinyamaza, kisha akasema tungoje mavuno.

Nilimpigia shangazi mwenyewe. Nilidhamiria kumweleza sheria, lakini yeye alikuwa na maswali ya vitendo kuliko yangu. Wapimaji watafika bondeni siku gani, kwa sababu jirani wa mashariki, anayeujua mkuyu, husafiri kwenda Mpwapwa kila siku ya mnada? Mtu asiyejua kusoma anatia dole gumba, au anaandikiwa? Na je, kaburi linaweza kuandikwa kwenye fomu kama mpaka? Nilimjibu kwamba lolote linaloonekana na ambalo majirani wanalikubali linaweza kuandikwa. Akasema basi atalipaka chokaa upya kabla hawajaja, lionekane kutoka barabarani.

Mkutano mkuu wa kijiji utakaa mwezi ujao, na orodha ya majina itasomwa hadharani. Nimeomba ruhusa chuoni siku tatu. Baba mdogo anajua kwamba ninakuja, na anajua nitakaa upande gani wa mkutano; ameniambia nilale kwake kama kawaida.